Pampu ya upepo huharibikia kisimani

Bustani za Singida na Dodoma zina bahati moja: upepo mkali huvuma kiangazi, wakati uleule mboga zinapolia maji. Ndiyo maana pampu ya upepo inafaa kule. Tatizo ni kwamba mwenye pampu hutazama juu kwenye mapanga, na kinachoisimamisha kipo chini kisimani: washa ya ngozi, yaani kizibo kinachoizunguka pistoni inayosukuma maji ndani ya silinda, kitu kidogo kama kikombe cha kahawa.

Ngozi huchakaa polepole, na upepo ukiwa mwingi hutagundua. Basi usipime maji kwa saa, pima kwa mapigo. Pampu ikiwa mpya, kinga ndoo ya lita 20, hesabu fimbo inayoshuka kutoka kwenye mapanga hadi kwenye pistoni inapanda mara ngapi hadi ndoo ijae, kisha andika idadi hiyo kwa rangi kwenye mguu wa mnara. Rudia kila mwezi. Kama ndoo ilijaa kwa mapigo 40 na leo yanatakiwa 55, ngozi inaelekea kwisha. Lakini kama ndoo inajaa kama zamani, ila pampu ikilala usiku maji hukawia kutoka asubuhi, shuku vali ya chini, ile inayozuia maji yasirudi: usiku bomba limejimwaga kisimani.

Ngozi mpya iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya kula. Oili chafu ya gari hapana, maji hayo watu wanakunywa. Na kama kisima kina mchanga, pandisha silinda kidogo kutoka chini, la sivyo utakuwa mteja wa kudumu wa fundi ngozi.

Juu ya mnara kazi ni chache: kubadilisha oili ya giaboksi mara moja kwa mwaka, kukaza nati, kupaka grisi. Panda alfajiri upepo ukiwa umetulia, mkia umekunjwa ili mapanga yasikabili upepo, breki imefungwa, na gurudumu la mapanga limefungwa kamba kwenye mnara. Breki peke yake mimi siiamini.

Wengi hudai silinda kubwa wapate maji mengi. Silinda kubwa ni mzigo. Upepo mdogo unashindwa kuuanzisha, pampu inasimama nusu siku. Afadhali urefushe mnara upite miti ya jirani. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nane, kwa hiyo hata nyongeza ndogo inaonekana kwenye tangi.

Tangi nalo liwe la siku tatu: bustani inayokunywa lita 4,000 kwa siku inataka lita 12,000, kwa sababu upepo hauna ratiba. Likijaa, usifunge koki ya bomba linalopanda kutoka kisimani huku mapanga yanazunguka. Pistoni itaendelea kusukuma, na bomba litapasuka au fimbo itakatika. Kunja mkia, au toboa tundu la ziada juu ya tangi uyapeleke maji kwenye mipapai.