Modeli ya Delta Queen kwa kipimo cha 1:100, hatua kwa hatua

Mteja akisema anataka modeli ya Delta Queen, kabla hujashika kalamu muulize: ya mwaka gani? Meli hii ya mtoni ilianza kazi mwaka 1927, ikibeba abiria, mizigo na magari kati ya San Francisco na Sacramento, jimboni California. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la majini la Marekani liliichukua na kuipaka kijivu. Vita vilipokwisha ilivutwa kupitia Mfereji wa Panama, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 1948 ikaanza kubeba watalii kwenye mito ya Mississippi na Ohio. Sitaha ya chini, iliyokuwa wazi mbele kwa ajili ya mizigo, ilizibwa. Piano ya mvuke, yaani ala ya muziki yenye filimbi zinazopulizwa na mvuke, inayoonekana nyuma karibu na gurudumu la makasia linalosukuma meli, iliwekwa baadaye kabisa. Ukiunda sitaha wazi ya California halafu ukaweka piano ya mvuke, umeunda meli ambayo haijawahi kuelea popote.

Hatua ya 1: Chagueni mwaka, muandike. Mwaka uingie kwenye makubaliano pamoja na kipimo na rangi. Chukua nusu ya malipo hapo hapo. Plaiwudi, kioo na rangi vinanunuliwa mwanzoni, wala si haki fundi kuvigharamia mwenyewe.

Hatua ya 2: Michoro. Urefu wote wa meli ni futi 285, yaani karibu mita 87, na upana wake ni kama mita 18. Kwa 1:100, kila mita inakuwa sentimita moja: modeli itakuwa na sentimita 87 kwa 18, na mtu mzima atafikia milimita 17 hivi. Tafuta picha za mwaka uliochagua zilizopigwa ubavuni kabisa na kutoka mbali, maana picha ya karibu hupotosha vipimo vya meli. Urefu halisi unaujua, kwa hiyo ugawanye kwa urefu wa meli pichani, upate kipimo cha picha. Milango ikusaidie kuhakiki: mlango ukikutoka wa mita tatu, rudi kwenye hesabu. Chora ubavu, juu na nyuma kwa ukubwa halisi wa modeli kwenye karatasi ya manila.

Hatua ya 3: Bodi. Bodi, yaani kiwiliwili cha meli kinachokaa majini, ni ya chuma. Ilitengenezwa Scotland ikasafirishwa vipande vipande hadi Stockton, California, ndiko ikaunganishwa. Sisi tunaijua kazi ya namna hiyo. Meli za mvuke za mwanzo za Ziwa Victoria nazo zilifika Kisumu zikiwa vipande. Kwa kuwa chini ni bapa, huhitaji mataruma (mbavu za ndani) wala kupiga mbao moja moja kama jahazi. Kata tabaka za plaiwudi ya milimita 6 kufuata umbo la sitaha, zigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha chonga omo, yaani ncha ya mbele, kwa tupa na msasa.

Mbao za saiprasi zinazouzwa soko la Gikomba, Nairobi, ni nzuri, ila nyingi huwa bado na maji ndani. Ukizitumia mwezi wa Julai, joto la Januari litazipasua. Zilaze ndani ya nyumba miezi kadhaa, au baki na plaiwudi. Na kabla ya kugandisha tabaka la mwisho, fukia nati mbili ndani ya bodi. Ndizo zitakazoshika boliti za ubao wa chini unaobeba modeli.

Hatua ya 4: Sitaha na vyumba. Sehemu ya juu ni ya mbao, sitaha nne. Toboa madirisha ukuta ukiwa bado umelala mezani, upake rangi, ndipo usimamishe. Nguzo ni vijiti vya meno vilivyopunguzwa kwa msasa. Anza chini uende juu, na kila sitaha ihakikishwe kwa pembe mraba kabla ya inayofuata.

Hatua ya 5: Gurudumu. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo jicho la mteja hutua kwanza. Chora duara kwenye karatasi, ibandike juu ya ubao, pigilia vijimisumari pale mikono ya gurudumu inapopita. Kila duara la mikono liundwe ndani ya kiolezo hicho hicho, yote yalingane. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Pitisha maduara yote, yapange kwa kuchungulia kutoka ubavuni mpaka uone moja tu, ndipo ugandishe makasia, ukianza na manne yaliyoelekeana.

Kisha krenki, yaani vipande vya kwenye ncha za ekseli vinavyoizungusha. Injini ziko mbili, moja kila upande, na kila moja inasukuma ekseli kwa mkono mrefu. Krenki hizo zinapishana kwa nyuzi 90. Zingekuwa sambamba, injini zote mbili zingefika mwisho wa mwendo kwa pamoja na gurudumu lingeweza kukwama. Zikipishana, moja inasukuma wakati nyingine inageuka. Kwa hiyo krenki ya kulia ikiwa imeelekea nyuma, krenki ya kushoto iwe juu au chini. Modeli nyingi za bei ghali zimekosea hapa, na mtu anayezijua meli hizi ataona mara moja.

Hatua ya 6: Rangi. Gurudumu jekundu, vyumba vyeupe, dohani nyeusi, kwa modeli ya enzi za Mississippi. Weupe uutie tone la kijivu, kwani mweupe mtupu kwenye kitu kidogo hufuta vivuli vya madirisha. Puliza mara kadhaa nyembamba, ukipitisha msasa laini katikati.

Hatua ya 7: Reli na kasha. Reli ziwe na kimo cha sentimita moja. Nyosha uzi wa pamba kwenye fremu, upake gundi, ukate ukikauka. Vumbi la Nairobi halina huruma na reli za uzi, hivyo usikabidhi modeli bila kasha la kioo. Kaza boliti za chini, funga kioo, na uipeleke kwa teksi ukiwa umeipakata mwenyewe. Usiitume kwa bodaboda.