Namna ya Kupanga Safari ya Utulivu ya Mtu Mmoja Kuzunguka Kisiwa cha Lamu

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukizunguka kisiwa cha Lamu peke yake kwa muda wa juma moja hivi, bila haraka, akiwa na hamu ya kuona bahari, mikoko, matuta ya mchanga na ndege zaidi ya majumba na sherehe. Kazi yangu hapa Lamu ni kuwapangia wageni safari za namna hii, na kila mgeni mimi humwomba aanze na jambo moja kabla ya kutafuta tiketi wala chumba: ajue maji yatajaa na kupwa saa ngapi katika siku atakazokuwa huku. Anayelijua hilo hupumzika kweli. Asiyelijua hujikuta ameketi katika mashua iliyokwama topeni, akingoja maji yarudi, huku jua likimchoma na siku ikimpotea.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kufuata pepo

Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na huu ndio wakati bora wa kuogelea kwa miwani kwenye matumbawe ya kisiwa kidogo cha Manda Toto, ingawa joto ni kali. Aprili kusi huanza kuingia pamoja na masika, na Mei mvua huwa nyingi kiasi kwamba baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi ya ufuo wa kijiji cha Shela huwa makubwa, lakini hewa hupoa na kutembea kwa miguu huwa raha. Kisha huja tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, na bahari hulala. Binafsi humshauri anayesafiri peke yake aje Oktoba au Februari.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Katika Mfungo Sita mji hujaa watu wanaokuja kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, na vyumba huwa adimu. Ni wakati mzuri kwa anayetafuta Maulidi, si kwa anayetafuta ukimya. Mwezi wa Ramadhani unafaa sana kwa utulivu, mradi ukubali kwamba migahawa mingi haitafunguliwa mchana na kwamba kula hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima.

Hatua ya pili: panga siku zako kwa mwezi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa usipite haraka. Maji ya Lamu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo viwili huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Jambo la kukumbuka katika pwani yetu ni kwamba nyakati za bamvua huangukia karibu saa zilezile kila mara. Katika siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Siku tatu kabla ya hapo hujaa kiasi cha saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana nusu ya ratiba: akiona tarehe ya kwanza au ya kumi na tano ya mwezi, anajua kwamba ufuo utakuwa mpana na mgumu asubuhi, na kwamba mikondo ya mikoko itapitika alasiri. Majedwali ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hutosha kwa kupanga ukiwa nyumbani. Ukishafika, nahodha atakurekebishia dakika zake.

Ninapendekeza ufike siku nne au tano kabla ya bamvua. Siku ya pili au ya tatu nenda kwenye mikoko na Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, maji yanapojaa adhuhuri. Siku ya bamvua yenyewe tembea ufuo mrefu asubuhi. Siku zinazofuata maliza upande wa magharibi. Kama unapenda nyota, chagua bamvua ya mwezi mwandamo, kwa kuwa nje ya mji taa ni chache na mbingu huonekana yote. Kama unapenda kukaa matutani usiku ukiona mchanga unavyong'aa, chagua ya mwezi mpevu.

Hatua ya tatu: kufika na kupata pa kulala

Ndege hutua kisiwani Manda, na kutoka hapo ni kuvuka kwa boti kwa dakika chache tu. Kwa barabara, mabasi ya Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, ambako utapanda boti ya kuvukia. Uliza hali ya barabara na ya usalama siku chache kabla ya kuondoka, na usafiri mchana. Kuhusu maeneo ya kaskazini, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, sishauri mtu wa peke yake ayaingize katika mpango wake, ijapokuwa bahari yake ni nzuri mno.

Gawa malazi yako mara mbili. Usiku wa kwanza lala katika Mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ili utoe fedha benki, ununue matunda na kuonana na manahodha gatini. Kisha hamia Shela, kilomita tatu hivi kusini, ambako asubuhi husikii ila adhana, punda na mawimbi.

Hatua ya nne: mtafute nahodha kabla ya chombo

Mtu wa peke yake hana wa kumwuliza maoni ndani ya chombo, kwa hiyo nahodha mwaminifu na mpole anamfaa kuliko mashua yenye rangi nzuri. Kaa gatini jioni, salimu watu kwa utaratibu, na umwombe mwenye nyumba unamolala akutajie mtu anayemwamini. Ukimpata, mwambie wazi kwamba unataka kwenda kwa tanga na si kwa mashine kila inapowezekana, kwamba hutaki muziki, na kwamba hutaki kuunganishwa na kundi. Elewaneni bei, saa ya kurudi na chakula kabla hujapanda. Hakikisha kuna jaketi la kuokolea maisha linalokutosha. Akikuambia, «Bwana, leo upepo haufai,» au, «Dada, tungoje maji,» mkubalie bila mabishano. Wakati wa kusi, safari ya kutoka mjini hadi Shela kwa tanga ni ya kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na huchukua muda mrefu kuliko ramani inavyodokeza. Jipe nafasi hiyo.

Hatua ya tano: siku ya mikoko na Takwa

Kaunti ya Lamu ina sehemu kubwa kuliko zote ya misitu ya mikoko ya Kenya, na siku hii ndiyo ninayoipenda kupita zote. Ingia mkondoni saa moja hivi kabla ya maji kujaa kabisa, mwombe nahodha ateremshe tanga na asukume kwa upondo, kisha nyamazeni.

Utaona kwamba miti haikujipanga ovyo. Mbele kabisa, inapopigwa na mawimbi, husimama milila­na; nyuma yake mikoko yenyewe, iliyosimama juu ya mizizi iliyopinda; ndani zaidi mikandaa; na karibu na nchi kavu, penye chumvi nyingi, michu, ambayo mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama penseli. Kila mti umekaa pale unapoweza kuistahimili chumvi na kina cha maji. Humu ndimo samaki wadogo na kamba hukulia kabla ya kutoka baharini, na humu ndimo zilimotoka boriti za dari za majumba ya mawe ya Lamu. Vyumba vya majumba hayo ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Yangeyange na midiria huonekana wakati wowote, na kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka vitwitwi wanaohama kutoka nchi za baridi, ambao huonekana vizuri zaidi maji yakiisha kupwa na tope likiwa wazi.

Mkondo huo hukufikisha Takwa, mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya hutoza kiingilio. Kaa chini ya mibuyu, kula ulichobeba, lakini usipitishe saa moja na nusu baada ya maji kujaa, kwa maana mkondo hukauka haraka na hautamngojea mtu.

Hatua ya sita: ufuo wa Shela hadi Kipungani

Huu ni mwendo wa kilomita 12 hivi wa mchanga mtupu hadi kijiji cha Kipungani, upande wa magharibi wa kisiwa, bila duka, bila kivuli. Anza saa moja na nusu asubuhi siku ya bamvua, maji yakiwa yanapwa, nawe utatembea juu ya mchanga ulioshikana mpaka karibu adhuhuri. Beba lita tatu za maji, kofia na kanzu au shati la mikono mirefu. Wakati wa kusi geuza safari: lala Kipungani, kisha tembea kuelekea Shela ili upepo uwe mgongoni badala ya kukupiga mchanga usoni.

Usitembee sehemu hii bila mtu. Mwombe mwenyeji akupatie kijana wa Shela au wa Kipungani. Atatembea hatua kadhaa nyuma yako ukitaka, na upweke wako hautapungua. Ogelea upande wa kijiji tu, panapokingwa na Ras Kitau ya kisiwa cha Manda, kwani ukishapinda kona unaikabili bahari kuu isiyo na mwamba wa kuvunja mawimbi wala mlinzi wa waogeleaji.

Matuta yaliyo nyuma ya ufuo yanahitaji adabu. Mvua hunywea mchangani na kukaa chini yake kama maji matamu, na visima vinavyounywesha Mji wa Lamu viko huko. Usiache taka, usijisaidie matutani, using'oe mimea inayoushika mchanga. Ukikuta alama za kasa aliyepanda kutaga, zipite kwa mbali, usiwashe taa, na uwaarifu watu wa Shela wanaolinda viota.

Hatua ya saba: Kipungani, Matondoni na kurudi

Kipungani, wanawake hufuma mikeka na majamvi, na ni vizuri kununua moja kwa moja kwao. Siku inayofuata nenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, keti kivulini na utazame fundi anavyolitia jahazi kalafati, yaani anavyoziba mianya ya mbao zake. Kutoka Matondoni hadi mjini ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, ukipita katika minazi na miembe, na kwa siku za baada ya bamvua unaweza pia kurudi kwa mashua jioni, maji yakiwa yamejaa.

Acha siku nzima moja bila mpango kabla ya kuondoka, kwa ajili ya upepo utakaokuwa umekunyima kitu. Kama unarudi kwa basi, kata tiketi siku moja kabla na uvuke kwenda Mokowe mapema, kwa kuwa magari mengi huondoka asubuhi.