Injini moja ikizimika hewani: tunavyofanya Wilson

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Piper Seminole, ndege ya injini mbili ninayofundishia, ikibaki na injini moja huishiwa nguvu za kupanda kwenye futi 3,800 hivi. Zitazame namba hizo mbili kabla hujawasha chochote. Wanafunzi wengi huja wakiamini injini ya pili ni spea. Pwani, asubuhi yenye ubaridi, huenda ikakupandisha kidogo. Hapa kazi yake ni kupunguza kasi ya kushuka, basi.

Kwa hiyo uamuzi unafanyika chini. Kabla ya kuingia njia ya kurukia, nataka nikusikie ukisema kwa sauti: injini ikikata magurudumu yakiwa bado hayajakunjwa, ninafunga leva zote mbili na kutua mbele. Ikikata tukiwa juu kidogo, ni shamba lipi, uwazi upi? Usiponijibu, haturuki.

Sasa imekata. Pua inakimbilia upande wa injini iliyokufa. Mguu ndio wa kwanza: kanyaga upande wa pili mpaka ndege inyooke. Papo hapo shusha pua ulinde noti 88 (maili za baharini kwa saa), ule mstari wa buluu kwenye kipimo cha spidi. Mstari mwekundu uko noti 56. Ukishuka chini ya huo, usukani wa mkia hauna ubavu wa kushindana na injini iliyobaki nzima na ndege itajibiringisha. Ikianza, punguza nguvu ya injini nzima na ushushe pua. Najua mkono utakataa. Ulazimishe.

Kisha sukuma leva zote mbele: mafuta, propela, nguvu. Magurudumu juu, flapu (vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) juu. Inamisha bawa kidogo upande wa injini nzima, digrii mbili au tatu, zisizidi tano.

Injini ipi imekufa? Mguu uliopumzika ndio unaokuonyesha. Usiulize vipimo vya injini, kwa sababu propela inayozungushwa na upepo inaweza kuonyesha mizunguko ya kawaida kabisa. Halafu hakikisha: vuta taratibu leva ya nguvu ya ile unayoishuku. Ndege isipobadilika, umeipata. Ikianza kuvutana nawe, rudisha haraka.

Hapa ndipo sitaki haraka. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72, ndege ya abiria ya shirika la TransAsia, iliondoka Taipei, Taiwan, injini ya kulia ikapoteza nguvu, na rubani akaizima ya kushoto iliyokuwa nzima. Kati ya watu 58 walikufa 43. Mkono ulitangulia kuhakikisha.

Ukiwa na kimo cha kutosha, jaribu kuifufua: swichi ya tangi, pampu ya mafuta, joto la kabureta, magneto (kinachotoa cheche za kuwashia). Ukiwa chini, achana nayo, laza propela. Vuta leva yake hadi mwisho ili mabapa yakate upepo kwa ukingo badala ya kuukinga kama mwavuli uliofunguka. Fanya hivyo kabla mizunguko haijashuka chini ya 950 kwa dakika. Ikishapita hapo, pini za ndani hufunga na propela haitalala tena. Ndiyo maana “ngoja tuone” ni ghali.

Baada ya hapo kata mafuta, zima magneto na alteneta yake, kisha ita Meidei, wito wa hatari wa redio. Mnara wa kuongozea ndege hauwezi kukushikia mguu, kwa hiyo usiwakimbilie wao kwanza.

(Ukihamia Cessna 310, kumbuka propela zake zote huzunguka upande mmoja, hivyo kufa kwa injini ya kushoto kunaumiza zaidi. Za Seminole huzunguka kwa kukabiliana.)

Kutua: njoo juu kidogo kuliko kawaida, magurudumu yatoke utakapokuwa na hakika ya kufika, flapu kamili mwishoni kabisa. Kupanda tena ukazunguke hakupo. Kadiri unavyopunguza nguvu, legeza mguu, la sivyo pua itakimbilia upande unaoukanyaga.

Ukishasimama usihangaike kujiendesha hadi maegeshoni. Kukata kona kuelekea upande wa injini nzima ni shida tupu. Omba uvutwe.