Kabla Hujamwita Mwanafunzi Ofisini: Maandalizi ya Shule Kuhusu Pombe na Dawa za Kulevya

Shule nyingi hulikumbuka suala hili siku mwanafunzi anapokutwa amejilaza nyuma ya bweni, hasemi linaloeleweka. Mmoja anataka polisi waitwe, mwingine anakimbilia maziwa, wa tatu keshampigia mzazi simu na kutamka maneno ambayo hayatarudi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, ila kila mtu anabuni lake papo hapo. Yanayofuata yaamuliwe mapema, yaandikwe kwenye karatasi moja au mbili, na kila mfanyakazi awe na nakala yake. Kila mfanyakazi maana yake ni pamoja na mlinzi, mpishi, matroni, dereva na wasafishaji. Mtu anayesafisha vyoo huokota vipakiti vitupu vya vidonge wiki kadhaa kabla mwalimu yeyote hajashtuka.

Cha kwanza kuandika ni jina la anayepokea taarifa, na la msaidizi wake. Bila mtu huyo, mwalimu wa hesabu anajua kwamba kijana analala darasani, matroni anajua kwamba hali chakula, mlinzi anajua kwamba kuna mtu humsubiri getini, na hakuna anayeziona habari hizo tatu zikiwa pamoja. Mtu huyo asiwe mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi ndio wa kwanza kujua mwenzao anatumia nini, na hawatasema kitu wakijua kwamba wanampeleka kwenye adhabu.

Pili, ifahamike sheria inasema nini pale shule ilipo: kipi ni lazima kiripotiwe, kwa nani, ndani ya muda gani, na kama kijana anaweza kupata matibabu kabla mzazi hajaridhia. Jibu la kukisia halitoshi. Lipatikane kwa maandishi kutoka idara husika. Tatu, watafutwe watoa huduma kabla hawajahitajika. Pigeni simu na kuuliza: mnapokea walio chini ya miaka 18? Usiku mpo? Ada ni kiasi gani? Vituo vingi vya tiba ya uraibu vimeandaliwa kwa watu wazima, na kumlaza mtoto wa miaka 15 kati yao kunaweza kumzidishia hatari.

Kuona, si kuhukumu

Dalili moja haithibitishi kitu. Macho mekundu yanaweza kuwa mzio, na usingizi unaweza kuwa njaa au kukesha. Kinachofaa kufuatiliwa ni mabadiliko: kijana aliyekuwa hivi, sasa yuko vile, katika mambo mawili matatu kwa pamoja, kwa wiki mbili au tatu. Marafiki wa zamani amewaacha, alama zimeporomoka, vitu vya wenzake vinapotea, anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi.

Kila kilevi kina alama zake, na inafaa wafanyakazi wazijue. Bangi huleta macho mekundu, mdomo mkavu na kusahau sentensi katikati. Heroini na kodeini, na wakati mwingine tramadoli (mbili hizi za mwisho ni dawa za maumivu), hufanya mboni ya jicho iwe ndogo kama ncha ya kalamu hata kwenye chumba chenye mwanga hafifu, huku kichwa kikiinama na kuzinduka. Vichangamshi kama amfetamini hufanya kinyume: mboni pana hata juani, taya zinazosaga, maneno mengi, usiku bila usingizi, kisha siku ya kuanguka kabisa. Anayenusa gundi, petroli au kiyeyusho cha rangi huwa na harufu ya kemikali kwenye nguo, vipele kuzunguka mdomo na pua, na pengine kitambaa kilichoviringishwa mfukoni. Sigara za kielektroniki huacha harufu tamu ya matunda, na baadhi ya vifaa vyake hudhaniwa ni flashi ya kompyuta. Vidonge vya dukani ndivyo vinavyopita kirahisi kuliko vyote, kwa kuwa havinuki na mwenye navyo hudai ni dawa ya maumivu.

Yako pia magonjwa yanayofanana na ulevi, na hapa kosa linaweza kuua. Mwenye kisukari sukari yake ikishuka hutetemeka, hutoka jasho, huropoka na kuyumba. Aliyetoka kwenye kifafa huduwaa kwa muda. Aliyegonga kichwa uwanjani anaweza kuongea kama mlevi saa kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo, orodha ya wanafunzi wenye kisukari, kifafa na pumu ikae karibu na simu ya dharura, na kanuni iwe moja: anayeonekana amelewa ni mgonjwa mpaka mhudumu wa afya aseme vingine.

Kinachoonekana kiandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, na maneno yaleyale aliyotamka mwanafunzi. “Saa 4:20 alikuwa amelaza kichwa mezani, nilimwita mara tatu ndipo akaitika, ulimi mzito” ni kumbukumbu inayomsaidia daktari. “Anatumia bangi” ni hukumu ya mtu asiye na kipimo wala taaluma, na faili huishi muda mrefu kuliko kosa.

Siku ya dharura

Mtikise bega, mwite kwa sauti. Asipoitika, mmoja apige simu ya dharura, mwingine abaki naye. Hesabu pumzi kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Kijana aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Zikishuka chini ya 10, zikiwa za kukwama au za kukoroma kwa maji kooni, hali ni mbaya. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitafute rangi ya buluu usoni. Tazama ndani ya midomo na chini ya kucha, ambako hubadilika kuwa kijivu. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimerudi nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje. Akiwa hapumui, anza kubonyeza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, na kama umefundishwa, pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30.

Hapa ndipo mazoea ya watu hufanya madhara. Usimtapishe wala kumnywesha kitu, kwa sababu mlevi hupoteza uwezo wa kukohoa na kinachoingia mdomoni huishia kwenye mapafu. Kahawa na maji ya baridi haviondoi pombe mwilini. Kumwacha “alale itoke” ndiko kubaya zaidi, maana pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho, na mtu anayekoroma saa mbili usiku anaweza kuacha kupumua saa nne.

Aliyenusa gundi au gesi asikimbizwe wala kushtuliwa. Kemikali hizo huufanya moyo uathirike vibaya na homoni ya mshtuko, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla hata kwa aliyenusa mara ya kwanza. Mkaribie taratibu, fungua madirisha, zungumza kwa upole.

Kama sheria inaruhusu shule kuwa na naloksoni, dawa inayozuia kazi ya heroini na ndugu zake kama kodeini, wafanyakazi wasiopungua wawili wafundishwe kuitumia na isifungiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake unakwenda nyumbani na mkuu wa shule. Ile ya kupuliziwa puani yenye miligramu 4 hutolewa mara moja kwenye tundu moja, na asipozinduka ndani ya dakika 2 hadi 3 hutolewa nyingine kwenye tundu la pili. Haisaidii kwa pombe wala diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), ila haimdhuru asiyetumia heroini. Nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, kwa hiyo hospitali ni lazima hata akiamka na kusema yuko sawa. Chupa, kipakiti au kidonge kilichobaki kiende naye.

Mazungumzo, upekuzi na vipimo

Usimhoji mtu aliyelewa. Subiri kesho. Achaguliwe mtu mzima ambaye kijana humwamini, katika chumba cha faragha lakini chenye dirisha. Kabla ya swali lolote, mweleze mipaka ya siri: yatabaki hapa, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Ukimwambia baadaye, ataona umemtega. Kisha anza na ulichokiona: “Jumatatu na Alhamisi hukurudi darasani baada ya mapumziko, na leo umelala vipindi viwili. Nina wasiwasi nawe, mwanangu. Kuna nini?” Halafu nyamaza. “Unavuta bangi wewe?” jibu lake ni “hapana, mwalimu,” na mazungumzo yamekwisha.

Mshauri aliyefundishwa anaweza kutumia dodoso fupi la CRAFFT, lenye maswali sita makuu, la vijana wa miaka 12 hadi 21. Majibu mawili ya ndiyo au zaidi yanamaanisha apelekwe kwa tathmini ya kina. Lisigeuzwe kuwa ushahidi wa kesi ya nidhamu. Muulize pia, waziwazi, kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Na kama kilevi anapewa na mtu mzima, fikiria kwamba huenda anatumiwa, kingono au kuuza vilevi. Hapo shauri limekuwa la ulinzi wa mtoto.

Upekuzi ufanywe kwa kanuni iliyoandikwa: watu wazima wawili, mifuko na begi tu, kamwe si kuvuliwa nguo. Kinachopatikana kisionjwe, kisinuswe, kisimwagwe chooni. Kitiwe kwenye bahasha, wote wawili watie sahihi na saa, kifungiwe, kisha kikabidhiwe kwa mamlaka.

Vipimo vya mkojo huvutia bodi za shule kwa sababu vinatoa jibu la haraka. Jibu lenyewe halina uhakika hivyo. Bangi huonekana siku kadhaa baada ya kutumiwa mara moja, na kwa mvutaji wa kila siku hata zaidi ya mwezi, hivyo kipimo hakisemi kama mtu amelewa leo. Vipimo vingi vya kawaida havinasi tramadoli wala bangi ya kutengenezwa maabara, na baadhi ya dawa halali za hospitali hutoa jibu la uongo. Wakati mwingine kijana akijua hivyo, huacha kinachonaswa na kuhamia kisichonaswa.

Semina za kutisha nazo zina bahati ya kupendwa kuliko kufaa. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu) pamoja na WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2018 inaweka mihadhara ya vitisho na ushuhuda wa waliokuwa waraibu kwenye kundi la mbinu zisizoonyesha matokeo. Yanayosaidia ni masomo ya kushirikishana, ya vipindi kadhaa, yanayofundisha kukataa, kuhimili msongo na kusahihisha dhana kwamba “kila mtu anatumia”.

Baada ya hapo

Kusimamishwa shule humpa mwanafunzi saa nyingi tupu, mbali na watu wazima na karibu na wanaomuuzia. Usalama wa wengine ukilazimisha, basi siku ziwe chache na kazi za darasani ziende naye. Mzazi aitwe kwa ana, aambiwe yaliyoonekana na hatua inayofuata, na aonywe jambo moja ambalo wengi hawalijui: anayekunywa pombe kila siku au kumeza diazepamu kwa muda mrefu hapaswi kuachishwa ghafla nyumbani, maana anaweza kupata degedege na kufa. Anahitaji daktari wa kumpunguzia.

Anaporudi, awe na mtu wa kumwona dakika kumi kila wiki, mpango wa kufidia masomo, na makubaliano ya nini kitafanyika akirudia. Kurudia ni kawaida ya uraibu, kwa hiyo hatua hiyo iandikwe kabla hajaingia darasani.

Karatasi zenyewe zipitiwe kila mwanzo wa muhula. Kila namba ipigwe, tarehe ya mwisho ya naloksoni isomwe, na mfanyakazi mpya apewe nakala yake siku anayoripoti kazini.