Jinsi ya kuomba daraja la zamani lipimwe kwa mzigo

Kama daraja lenu limezeeka na michoro yake haipatikani, msisubiri lipasuke ndipo muanze kuandika barua. Sisi wakulima wa miwa tumelimaliza juzi zoezi hili la kupimisha daraja kwa magari yenye uzito unaojulikana, na nataka wengine wasipite tulipoumia.

Jueni kwanza daraja ni la nani. Hapa Tanzania, barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara. Za wilaya, za mijini na vijijini, zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Sisi tulikisia, barua ikakaa wiki 5 mahali pasipohusika. Muulizeni mtendaji wa kata kabla hamjaandika. Ambatanisheni muhtasari wa kikao na picha za nyufa, kila ufa ukiwa na kalamu pembeni ili ukubwa uonekane. Tajeni magari yanayopita na uzito wake. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari hadi tani 56, lakini daraja la zamani huenda halikujengwa kubeba uzito huo.

Mhandisi ataanza kwa kukagua kwa macho. Akisema halifai hata kujaribiwa, msimbishie. Daraja lililochoka linaweza kuanguka na dereva akiwa juu yake.

Sasa mzigo wenyewe. Sisi tulikodi tipa mbili, tukajaza mchanga, tukapima mizani jioni na kutunza risiti. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mhandisi akachota mchanga, akauminya, maji yakachuruzika kati ya vidole. Akakataa kuanza, na alikuwa sahihi: uzito wa kwenye risiti haukuwa tena uzito wa kwenye gari, na bila uzito sahihi vipimo vyote ni bure. Tukalipa kodi ya siku ya pili. Bebeni kokoto, funikeni turubai, pimeni siku ileile, na ombeni uzito wa kila ekseli (mhimili wa magurudumu), si jumla tu.

Kazi ianze alfajiri, kwa kuwa jua likichoma sakafu ya daraja, zege hutanuka na kupinda lenyewe, vipimo vikachanganyika. Barabara inafungwa, geji, yaani vipimo vyenye mshale unaoonyesha daraja linavyoinama, zinafungwa chini ya mihimili ya daraja. Tipa ya kwanza ilisogea taratibu, ikasimama katikati, mshale ukapanda kidogo kidogo hadi ukatulia. Ndipo ikaitwa ya pili. Nyufa zilizowekewa alama ya chaki zinaangaliwa kila hatua. Magari yakitoka, tazameni mshale: ukirudi karibu na sifuri, daraja limenepa na kunyooka. Ukibaki juu, kuna kitu kimeumia ndani.

Daini ripoti ya maandishi yenye tani zinazoruhusiwa, na kibao cha uzito kiwekwe pande zote mbili.

Jambo moja tulilisahau: kipimo hiki hakioni mto ulivyochimba chini ya nguzo. Ombeni misingi ikaguliwe wakati wa kiangazi, kwenye barua hiyohiyo. Sisi tumelazimika kuandika nyingine.