Ukitaka kuunda nchi ya hadithi, anza na upepo

Vijana wanaoniletea hadithi zao huanza kwa kuipa nchi jina, bendera na mfalme. Kisha huchora mpaka, wakaweka mlima hapa, msitu pale, jangwa kwenye kona iliyobaki, na mto katikati ili mji mkuu upate pa kukaa. Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Korogwe, na wote nawaambia neno moja: kabla ya mfalme, niambie mvua ya nchi yako inatoka wapi. Ukishalijua hilo utajua watu wanakula nini, wanaezeka kwa nini, nani ana maji na nani anayaomba. Mara nyingi hata kisa chenyewe kitakuwa kimeshachomoza.

Nitaeleza kwa kutumia nchi ya kubuni ninayoijenga na wanafunzi wangu. Tumeiita Sindaro. Tumeiweka mbali na mazoea yetu kwa makusudi: bahari iko magharibi, na nchi yote iko kusini ya ikweta, kati ya digrii 18 na 24.

Latitudo ndiyo uamuzi wa kwanza, na haihitaji siku nzima. Karibu na ikweta jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka na mkanda wa mvua hulifuata, ndiyo maana huku kwetu tuna masika na vuli. Ukishuka Dodoma au Songea, misimu hiyo miwili imekuwa mmoja, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Sindaro iko kusini zaidi, kwa hiyo ina mvua ya msimu mmoja, halafu miezi mirefu ya ukavu. Juni na Julai ndiyo miezi yake ya baridi. Kumbuka pia kwamba hewa inayopanda ikweta hushuka tena kati ya digrii 20 na 30 hivi, kaskazini na kusini, na hewa inayoshuka haileti mvua. Sahara iko hapo, Kalahari iko hapo, na majangwa ya Australia vilevile. Ukitaka msitu mnene kwenye latitudo hiyo, itakubidi uutafutie sababu.

Andika na ukubwa. Digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 111, basi Sindaro toka kaskazini hadi kusini ni kilomita 660 na ushei. Mtu mwenye mzigo kichwani akijitahidi anakwenda kilomita 25 kwa siku, akipata maji njiani. Mhusika wako hawezi kulala mpakani leo na kesho asubuhi akawa anaongea na mfalme pwani, labda umpe gari.

Sasa upepo, na hapa usiwe na haraka.

Jiulize maswali mawili. Upepo unatoka upande gani kwa miezi mingi ya mwaka? Na kabla ya kufika kwako umepita juu ya nini? Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi, pepo zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha, na zote mbili hutufikia zikiwa zimepita baharini. Kwa mazoea hayo mwandishi wa Tanga au Mombasa hudhani kila pwani ina minazi, joto la jasho na mvua za kutosha. Sindaro inakataa. Upepo wake mkuu unatoka kusini-mashariki, yaani unavuka bara zima kabla ya kuifikia. Unyevu wake umeshadondoka kwenye milima ya mashariki. Pwani unafika mkavu.

Tena bahari yenyewe ni ya baridi. Kwenye pwani za magharibi za mabara, katika latitudo hizo, mikondo ya maji baridi hupanda kutoka upande wa ncha ya dunia. Mfano wa kweli ni Namibia, penye mkondo wa Benguela, na Chile na Peru, penye mkondo wa Humboldt. Maji baridi hupoza hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, hainyanyuki, na isiponyanyuka mvua haipatikani. Kinachopatikana ni ukungu. Pwani ya Namibia kuna jangwa linaloanza palepale mawimbi yanapoishia, na asubuhi ukungu unaingia kutoka baharini. Kuna mende wa jangwani humo wanaopanda juu ya vilima vya mchanga, wakainua makalio kuelekea upepo ili ukungu uwagandie mgongoni, matone yateremke hadi mdomoni. Hayo ndiyo maji yao.

Ona jambo hilo moja linavyozaa mengine. Mji wa bandari wa Sindaro, tuuite Kimoli, hauna shamba hata moja linalotegemea mvua. Januari, msimu wa joto huko kusini, mvuvi anatoka alfajiri akiwa amevaa sweta, na kilomita 100 ndani ya nchi watu wanaungua na jua. Bati linaliwa na kutu upesi kwa sababu ya chumvi iliyo kwenye ukungu. Samaki lakini ni wengi ajabu, kwa sababu maji baridi yanayopanda kutoka chini ya bahari hubeba virutubisho, vijimea vidogo vikastawi, na dagaa wakavifuata. Kimoli basi ni mji wa samaki, chumvi na meli, ambao unga wake unatoka mbali. Mwanafunzi mmoja alipofika hapo akasema, "Mwalimu, kumbe vita yao ni ya unga." Hatukuwa tumemtaja mfalme hata mara moja.

Baada ya upepo ndipo uweke milima, na kila mlima uuandikie kimo chake kwa mita. Bila kimo huwezi kujua lolote. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayetaka kulijua hili kwa ngozi yake apande basi Mombo kwenda Lushoto. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Chini umeacha mkonge na vumbi. Juu wauza matunda wanakuletea plamu na mapeasi dirishani, na abiria wenyeji wameshavaa makoti. Safari yenyewe haifiki kilomita 40. Nchi yako ikiwa na mlima mmoja tu wa mita 2,000, tayari una nchi mbili za chakula ndani ya siku moja ya safari.

Halafu tazama mlima una pande. Upepo wenye unyevu ukiupanda, hewa inapoa, mvuke unakuwa matone, mvua inanyesha upande huo. Hewa ikishavuka kilele inateremka imekauka, na hewa kavu inapoteremka hupata joto la nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo upande wa pili hauishii kukosa mvua, una na joto zaidi. Milima ya Upare inafundisha somo hili kuliko ubao wangu: miteremko yake ya mashariki inapokea upepo wa Bahari ya Hindi, ina misitu na migomba, Same, iliyo upande wa magharibi, imezungukwa na vichaka vya miiba. Kilimanjaro pia, Marangu na Kibosho upande wa kusini wana chemchemi na mifereji, na upande wa kaskazini ni mkavu kuliko huo.

Kwa Sindaro tumeweka safu ya mita 2,400 kwenye mpaka wa mashariki. Katikati kuna uwanda wa mita 1,200, wa nyasi na mifugo, na usiku wa Julai huko maji yanaganda kwenye ndoo. Kisha ardhi inaporomoka kuelekea jangwa la pwani. Udongo wa milimani unatokana na volkano za zamani, basi una rutuba. Ndiko mahindi, maharage na watu wengi waliko.

Maziwa makubwa usiyachukulie kama pambo. Ziwa kubwa lina hali ya hewa yake. Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwa sababu upepo wa mashariki hufika huko ukiwa umenyonya unyevu wa ziwa zima. Musoma, upande ule upepo unakotokea, haipati hata nusu yake.

Mito ndiyo inayochorwa vibaya kuliko kitu chochote, na nataka uiheshimu. Mto hutoka juu kwenda chini, basi. Mito huungana, haigawanyiki, isipokuwa kwenye delta, kama Rufiji inavyojigawa ikikaribia bahari. Mto hauanzii bahari moja ukaishia bahari nyingine. Ziwa hupokea mito mingi lakini kwa kawaida lina mlango mmoja wa kutokea: Viktoria hutokea Jinja, Tanganyika hutokea kwa mto Lukuga. Ziwa lisilo na mlango huwa la chumvi au magadi, kwa sababu maji hupaa kwa jua na kuacha kilichoyeyuka ndani yake. Natron ni hivyo, na Eyasi. Ukiweka ziwa la namna hiyo, usimnyweshe farasi wa shujaa wako humo.

Kuna jambo moja la mito ninalolipenda kuliko yote, nalo waandishi hawalitumii. Maji yanaweza kufika wakati wa kiangazi. Mto Okavango hupata mvua yake kwenye nyanda za juu za Angola mwanzoni mwa mwaka, lakini mafuriko husafiri polepole hata yakafika kwenye delta ya Botswana katikati ya mwaka, wakati huko hakuna wingu hata moja. Na mto huo haufiki baharini, unaishia nchi kavu. Tumeuazima mwendo huo. Mto mkuu wa Sindaro unajaa milimani Februari, unafika uwandani Mei, na Kimoli unaiona bahari katika miaka mizuri tu. Watu wa pwani hawana haja na mawingu; wao hutuma vijana wakaangalie mto umefika wapi. Na watu wa milimani wanajua wakijenga bwawa, nani atakayelia.

Ukifika hapo andika kalenda ya mwezi kwa mwezi, kwa sehemu tatu: pwani, uwandani, milimani. Kila mwezi uwe na hali ya anga, kazi ya watu, na kinachokosekana jikoni. Usiache mwezi wa njaa, ule ambao ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Harusi, madeni na wizi vitajipanga vyenyewe kwenye kalenda hiyo.

Halafu uiharibu. Nchi ya kweli ina miaka mibaya. Elnino ya 1997 na 1998 ilituletea mafuriko Afrika Mashariki, ile ya 2015 na 2016 ikaleta ukame mkali kusini mwa Afrika. Na pwani ya Angola na Namibia kuna miaka ambayo maji ya vuguvugu hushuka kutoka kaskazini na kuufunika ule mkondo wa baridi, kama ilivyokuwa 1984 na tena 1995. Samaki wakahama au wakafa. Sindaro nayo tumeipa mwaka wa namna hiyo. Dagaa wanapotea, na jangwani kunanyesha mvua kubwa ambayo nyumba za Kimoli, zilizojengwa kwa udongo na watu wasiojua mvua, haziwezi kuihimili. Hadithi za darasa langu karibu zote zimeanzia mwaka huo.

Mipaka ichore mwishoni. Iache ifuate mto, kilele au ukingo wa jangwa, na ukiunyoosha kwa rula ujue ni nani aliyeishika rula.

Kabla hujaandika sura ya kwanza, fanya jaribio hili. Chagua mwezi mmoja, tuseme Septemba, uandike ukurasa mmoja wa soko la milimani na mmoja wa soko la pwani. Bei zipi zimepanda, wauzaji wamevaa nini, mzigo umefika kwa punda, kwa lori au kwa mashua, na mtu akitazama angani anatafuta nini. Palipo na swali ambalo huna jibu lake, rudi kwenye ramani ukaangalie upepo, kimo au mto, kisha urekebishe. Kurasa hizo usizitie kwenye hadithi. Zibandike juu ya meza, na kila mhusika anapotoka nje ya nyumba, angalia kwanza ni mwezi gani.