Somo: Kuunganisha perovskaiti ya matabaka na fuwele nano ili kuvuna mwanga

Perovskaiti ya matabaka (fuwele inayopitisha umeme kiasi, iliyojengwa tabaka juu ya tabaka) hunasa vizuri mwanga wa urujuanimno, ila umeme haupenyi kwa urahisi kutoka tabaka moja hadi jingine kwa sababu ya molekuli za kikaboni zilizo katikati. Fuwele nano (chembe za ukubwa wa nanomita chache) za CsPbBr3, perovskaiti ya sizi, risasi na bromini, hung'aa kijani, karibu na nanomita 515. Tunataka ya kwanza inase, ya pili ipokee.

1. Chagua jozi. Mtoaji (tabaka) awe na pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa anayoweza kufyonza, pana kuliko la mpokeaji (fuwele nano). Napendelea tabaka la (PEA)2PbBr4 (PEA ni molekuli ya kikaboni iliyo katikati ya matabaka): hung'aa karibu na nanomita 410, na hapo CsPbBr3 hufyonza barabara.

2. Anza na tabaka. Yeyusha chumvi za kutengenezea tabaka katika DMSO (kiyeyushi), tandaza kwa mashine ya kuzungusha, kausha kwa nyuzi 100 kwa dakika 10. Ukianza na fuwele nano, DMSO itaziharibu. Chumvi hizi zina madini ya risasi: vaa glavu, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki.

3. Osha fuwele nano kwa methili asetati, zitenganishe kwa sentrifuji, zirudishe kwenye oktani, kisha zitandaze juu ya tabaka. Usizioshe mno, zikipoteza ligandi zote (molekuli zinazofunika uso wake) hushikana na kufifia.

4. Pima. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kijani kuongezeka si ushahidi kwamba nishati imehama moja kwa moja. Huenda tabaka limetoa fotoni kama kawaida, fuwele nano zikaifyonza. Katika hali hiyo muda wa kung'aa wa mtoaji haubadiliki. Nishati ikihama yenyewe, muda huo hufupika. Lakini ukifupika bila kijani kuongezeka, shuku kwamba umeharibu uso wa tabaka.

Maswali ya wanachama

– Mkuu, sina kifaa cha kupima muda huo. Nifanyeje?
Weka utando wa PMMA (plastiki angavu) wa nanomita 50 hivi katikati ya tabaka na fuwele nano. Uhamisho wa moja kwa moja huishia nanomita chache tu. Kijani kikibaki vilevile, ni fotoni inayofyonzwa upya.

– Vipi nikitumia tabaka la iodidi?
(PEA)2PbI4 hung'aa karibu na nanomita 525, na nishati ya mwanga huo ni ndogo mno kuilisha CsPbBr3. Tena halidi (ioni kama bromidi na iodidi) husafiri: iodidi ikiingia kwenye fuwele nano, rangi inasogea kuelekea nyekundu.

– Naweza kutengeneza seli ya sola moja kwa moja?
Si rahisi, ligandi ndefu huzuia chaji kutoka. Ningeanza kwa kuuweka mchanganyiko huu juu ya seli ya silikoni, ugeuze urujuanimno kuwa kijani. Hapo hakuna chaji ya kutoa, ni mwanga tu.